Kujikweza si Kukwezwa



Katika Kiswahili maneno ya kumtaja mtu anayejiona mkubwa kuliko alivyo ni mengi, na kila moja lina kazi yake. Anayejigamba hutangaza matendo yake kwa sauti. Anayejitutumua hujaza kifua upepo ili aonekane mnene. Anayejiona huwa amekwisha kujipa ushindi moyoni hata kabla hajafungua kinywa. Lakini neno zito kuliko hayo yote ni kujikweza, na ndilo linalostahili kuchunguzwa na kila mwenye kalamu ya umma mkononi.

Asili ya neno hilo ni kukwea, yaani kupanda juu. Kukweza ni kupandisha: mwenye duka hukweza bei, na wananchi humkweza mtu waliyemwona anafaa. Tatizo huanza inapoingia silabi moja tu, "ji". Hapo anayepandisha na anayepandishwa huwa ni mtu yule yule, na shahidi hakuna. Hata hivyo, kujikweza si sawa na kutaja sifa za kweli. Mwalimu akisema ana cheti, na cheti kipo, hajajikweza. Akikitumia cheti hicho kumnyima mzazi haki ya kuuliza, amejikweza, ingawa hakusema uongo hata neno moja.

Tofauti hiyo haikuwa ngeni katika nchi hizi za magharibi ya Ziwa Viktoria. Wahaya walikuwa na ebyebugo, na Wanyankole wa Uganda walikuwa na ebyevugo. Wataalamu wa fasihi simulizi wameuita utanzu huo vivugo au majigambo. Mtu alisimama hadharani akajisifu kwa ushujaa wake. Chuku ilikuwamo, tena si haba, lakini ilisemwa mbele ya watu waliomjua msemaji na matendo yake. Hadhara ndiyo iliyokuwa mizani.

Mfano wa pili ni neno "nshomile". Katika Kihaya, ndugu wa karibu wa Kinyambo kinachozungumzwa Karagwe, maana yake ni "nimesoma". Ni kauli safi isiyo na kosa. Wamisionari wa White Fathers walifungua kituo cha Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, na baadaye mkoa huu ukapata sifa ya kutoa wasomi wengi. Hata hivyo, neno hilo likitajwa Dar es Salaam wasikilizaji hucheka, kwa kuwa limegeuka jina la utani la mtu anayetanguliza kisomo chake pale ambapo hakuna aliyemwuliza. Utani huo huwaonea Wahaya, maana majivuno hayana kabila. Lakini unalo funzo: neno halikubadilika hata herufi moja, kilicholiharibu ni matumizi.

Mwaka 1971 chama cha TANU kiliona hatari hiyo imekwisha kuingia ofisini. Kifungu cha 15 cha Mwongozo kilimkataza kiongozi majivuno na dharau, kikamtaka awe mtu wa kuwaheshimu watu. Wafanyakazi wa viwandani walikishika kifungu hicho dhidi ya mameneja waliowadhalilisha. Ovu lilikuwa limetajwa kwa jina lake, na aliyedharauliwa akapata neno la kujitetea.

Wapo wanaodhani kujikweza ni kosa la adabu tu. La hasha. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba ulithibitishwa mkoani Kagera. Dawa ya kuutibu mgomba uliougua hakuna. Kinga yake ni kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kuzisafisha zana kwa moto au dawa, na kung'oa migomba iliyoambukizwa. Yote hayo hutegemea jambo moja: mkulima aseme mapema kwamba shambani mwake kuna mgomba unaonyauka. Mkulima aliyewahi kuulizwa kwa ukali, "Unajua unazungumza na nani?" hatasema. Atanyamaza, na ugonjwa utahamia kwa jirani. Hapo kujikweza kwa mtu mmoja huwa kumelinyima chakula kaya zima.

Hali ni hiyo hiyo shuleni. Mzazi aliyeaibishwa mbele ya mwanawe hatarudi kuuliza maendeleo ya mtoto, na mwanafunzi aliyechekwa kwa kukosea hanyoshi mkono tena.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisomo hakina haja ya kutembezwa. Aliyesoma akae na mkulima kwenye kivuli cha mgomba, asikilize kwanza, kisha aeleze kwa lugha inayoeleweka. Akifanya hivyo, wananchi wenyewe watamkweza, na "ji" haitahitajika.