Simu ya Mwanafunzi na Karo ya Kikundi
(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Wanakikundi wapendwa, tumezunguka vikundi vingi na lalamiko ni lile lile: tunachanga karo ya chuo, halafu binti akija likizo anashinda kwa simu. Mama mmoja alitaka simu iuzwe. Tulimwambia, ngoja kwanza, mama.

Zamani maktaba ilikuwa ni nyumba. Kule Garissa hata ngamia walibebeshwa vitabu viwafikie watu wa mbali. Siku hizi majarida mengi ya chuo kikuu hayako kwenye rafu. Chuo hulipa ada, mwanafunzi hupewa neno la siri, naye husoma popote penye mtandao. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, hufundisha kwa mtandao. Mwanafunzi wake akikosa simu au kompyuta, amekosa darasa na maktaba pamoja.

Sasa sikilizeni. Jembe ukilinunua ni lako, hata duka likifungwa. Majarida haya kwa kawaida chuo hukodi tu. Ada isipolipwa mlango hufungwa, na mwanafunzi akishamaliza masomo mara nyingi neno lake la siri hukatwa. Kwa hivyo asome sasa.

Bando nayo ni gharama, jamani! Mwambieni apakue makala akiwa bado chuoni, penye waifai, kisha asome nyumbani bila kuchoma pesa. Maandishi ni mepesi; video ndizo hula bando. Na mkimpa pesa, aeleze anasoma nini, kwa lugha ya nyumbani. Anayesoma kweli ataeleza. Simu hiyo hiyo ina kamari na mikopo ya haraka, hilo hatufichi.

Kuna faida yenu pia. Chuo Kikuu cha Nairobi kimeweka tasnifu nyingi wazi kwenye mtandao, bure, zikiwemo za kilimo na mifugo. Ziko kwa Kiingereza, lakini huyo mnayemlipia karo si anaweza kuwasomea? Sisi tunaiita riba ya karo.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kije kimeamua kama bando itaingia kwenye mfuko wa elimu. Tena mchague mtu wa kumwona Padre kuhusu chumba cha parokia chenye sola, wanafunzi wapate pa kuchaji na kusomea jioni.