HOTUBA YA MWENYEKITI: CHAI TULIYOIUZA TUKAINUNUA TENA

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi.

Mhazini amekwisha soma hesabu za hisa na mikopo, hatutazirudia. Ila iko mikopo ya dharura ya mwaka wetu wa saba ambayo kwenye daftari imeandikwa "matibabu" tu. Leo tuiseme yote.

Mtakumbuka wenzetu kadhaa walipimwa presha zahanati wakaambiwa wapunguze uzito. Mara akaja mtu na vichupa vya vidonge vya chai ya kijani. Akasema ukimeza mwezi mmoja, kilo kumi zinakwenda. Kichupa shilingi elfu sitini. Kina mama kumi na mmoja tulikopa. Tunasema "tulikopa" kwa sababu hata sisi viongozi tulikuwamo, na sisi ndio tulioidhinisha.

Sasa jamani, sisi ni watu wa Rungwe. Chai tunaijua. Tunachuma majani mawili na chipukizi lake, tunabeba mgongoni mpaka kwenye mzani, na kilo nne hadi tano za majani mabichi ndizo zinatoa kilo moja ya chai kavu. Chai ya kijani si mti mwingine, ni mchai huu huu. Jani likinyaushwa, likasokotwa, likaachwa lipigwe na hewa mpaka ligeuke rangi, ndiyo chai nyeusi ya kila siku. Likipashwa moto mapema kabla halijageuka, linabaki kijani. Basi tuliuza jani kwa kilo, tukalinunua kwa kidonge.

Mwezi ukaisha. Kilo hazikwenda. Mwenzetu mmoja akaongeza vidonge, akaanza kuchoka, kukosa hamu ya kula, macho yakawa ya njano. Hakusema, aliona haya kuchekwa. Alipofika hospitali daktari alimwuliza anameza nini, akamwamuru aache mara moja. Namshukuru Mungu alipona, na leo yuko hapa amevaa sare kama sisi.

Baada ya hapo tulimwita binti yetu anayesomea ufamasia atueleze. Alitwambia kuwa mwaka 2012 wataalamu wa Cochrane walikusanya tafiti 18 za watu 1,945 waliozidi uzito. Katika tafiti za nje ya Japani, waliotumia chai ya kijani waliwazidi wenzao kupungua kwa wastani wa gramu 40. Gramu arobaini, kina mama! Hicho ni kitunguu kidogo. Zile za Japani zilitofautiana, kuanzia kilo 0.2 hadi 3.5. Kilo kumi za yule muuzaji hazikuonekana popote.

Na madhara je? Alisema kikombe cha chai ya kijani kwa kawaida hakina neno. Tatizo ni kidonge, maana ndani yake nguvu ya majani mengi imekamuliwa ikawekwa pamoja. Mwaka 2003 Ufaransa na Hispania ziliondoa sokoni dawa moja ya kupunguza mwili iliyotokana na chai ya kijani, kwa sababu ya madhara ya ini. Mwaka 2018 wataalamu wa chakula wa Umoja wa Ulaya wakasema ile kemikali yake kuu, iitwayo EGCG, ikifika miligramu 800 kwa siku kwa njia ya vidonge, vipimo vya damu huanza kuonyesha ini linaumia.

Tukarudi kwenye kikombe chetu wenyewe. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni vijiko tisa, kama gramu 36. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 ni vizuri sukari tunayoongeza isizidi kama gramu 25 kwa siku. Kumbe chai yetu ilikuwa na la kutufundisha, bila kichupa! Wengi wetu tumeshuka mpaka kijiko kimoja. Ndizi tunakula, ila kwa sahani ndogo na mboga nyingi. Uzito unapungua polepole, na dawa za presha tulizoandikiwa hatuziachi.

Riba ya yule mwenzetu tulimsamehe. Deni alilipa mwenyewe mpaka senti ya mwisho. Na katiba sasa inasema mkopo wa matibabu utolewe kwa karatasi ya zahanati au hospitali, si kwa maneno ya muuzaji.

Ila katiba haitoshi. Yule mama alinyamaza kwa sababu tulizoea kutaniana juu ya unene. Tuliweka akiba ya fedha, tukasahau kuwekeana siri. Miaka kumi ijayo, mtu akiumwa, aje kikundini kwanza kabla macho hayajawa ya njano.

Karibuni chai. Sukari iko pembeni, kila mtu ajipimie.