Tazama Faili Kabla ya Kuigusa
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wetu wa mwaka)



Nimetakiwa niseme juu ya kazi ninayofanya tangu nistaafu. Wengine mmecheka kusikia kuwa ni michezo ya zamani ya kompyuta. Chekeni, lakini nisikilizeni.

Mimi na mjukuu wangu tulichukua Super Mario World, mchezo wa Nintendo uliotoka Japani mwaka 1990, tukatia Kiswahili katika toleo la Marekani. Kaseti ni yetu. Tuliinakili kwa chombo cha zamani. Kila ujumbe una mistari 8 ya herufi 18, nanyi mnajua maneno yetu yalivyo marefu! Kazi ilituchukua miezi minne. Kisha nikampelekea mwenzetu mmoja, aliyeketi humu ukumbini, kiraka, yaani faili ndogo yenye mabadiliko tu, ili wajukuu wake walioko ng'ambo wacheze kwa lugha ya babu yao. Jioni akanipigia simu: "Bwana wee, umeniletea giza tupu."

Wiki tatu nilidhani kazi imepotea. Mjukuu wangu hakutaka hata kuitazama kompyuta.

Kosa lilikuwa langu. Vyombo vya kunakilia vya miaka ya 1990 viliongeza baiti 512 mwanzoni mwa faili, kwa matumizi yao wenyewe. Faili yangu ilikuwa nazo, yake haikuwa nazo. Kiraka cha aina ya IPS hakiulizi. Huhesabu nafasi tangu mwanzo wa faili na kuandika. Hivyo kila neno letu liliangukia baiti 512 mbele ya mahali pake, likafuta maagizo ya mchezo. Ni kama mtahiniwa aliyeruka mstari wa kwanza wa karatasi ya majibu: anayajua yote, na yote amekosa.

Basi, ndugu zangu, kwanza tazameni ukubwa. Mchezo huu ukiwa safi una baiti 524,288. Mkikuta 524,800, ziondoeni zile 512 za mwanzo. Pili, pimeni CRC32, hesabu inayopitia faili nzima na kutoa alama 8. Toleo la Marekani hutoa B19ED489. Baiti moja ikigeuka, jibu hugeuka. Tatu, wekeni nakala safi kando, msiiguse. Nne, tumieni kiraka cha BPS, ambacho hubeba CRC32 ya faili kinayoitaka, na faili isipolingana hujulikana mapema. Tena gaweni kiraka peke yake, kwani mchezo una mwenyewe.

Nilipoisafisha faili, kutengeneza kiraka upya kulichukua dakika chache tu. Jumapili iliyofuata mwenzetu aliniunganisha kwa simu na mjukuu wake. Mtoto alikuwa akisoma Kiswahili kwa sauti, polepole, kama sisi tulivyosoma Kiingereza hapa Kidato cha Kwanza.